Siku ya Tatu ya Mkazi

Sauti yangu ilikuwa imehudhuria vikao mia mbili na kumi na kimoja vya Kamati ya Mwendelezo kabla mimi mwenyewe sijauona hata mlango wa Kamati hiyo. Ilikwenda bila mimi. Ilisalimia, ikajibu maswali, ikashukuru, ikarudi. Mimi nilibaki chumba cha chini katika jengo la Bi. Whitlow, mjini Washington, nikisubiri kuambiwa nimesema nini.

"Inua kidevu, dada Mbuke," alisema Feruzi. Alikuwa ananivisha ile kofia ya nyuzi, anabandika uzi mmoja mmoja kwenye ngozi ya kichwa. "Hivyo hivyo. Usitabasamu. Ukitabasamu mashine inadhani una njaa."

"Sijatabasamu."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Feruzi wazazi wake walitoka Kalemie, yeye kazaliwa huku huku. Katika jengo zima ni yeye peke yake aliyezungumza nami bila kifaa cha kutafsiri shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo na changu cha Usukumani, tukachekana, lakini tulielewana.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Rais mpya alikuwa na siku nne ofisini. Hii ilikuwa mara yangu ya tatu kukaa kwenye kiti kile. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba, wakati wale wa tai nyekundu walipoingia madarakani. Mara ya pili ishirini na mmoja, wakati wale wa tai za buluu walipowatoa. Sasa nina ishirini na mitano na wekundu wamerudi. Kila mara nilijiambia, hawa ni wengine, hawa wanawachukia wale, hawa watauliza swali lingine. Kila mara waliniletea karatasi ile ile ya maswali thelathini. Hata doa la kahawa kwenye kona ya ukurasa wa kwanza lilikuwa limenakiliwa pamoja na maswali.

"Swali la kwanza," Feruzi alisoma, na sauti yake ikawa ya kazi. "Je, Mwavuli unawasumbua?"

Kabla sijajibu, mlango ulifunguliwa, akaingia Bi. Whitlow. Ni mama wa makamo, mwembamba, anavaa viatu visivyo na sauti. Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Kampuni yake kazi yake ni kuwaendea wajumbe wa Kamati kwa niaba ya watu wanaotengeneza Mwavuli.

"Mbuke, mpenzi," alisema, na kifaa cha shingoni mwake kikaligeuza neno hilo kuwa Kiswahili kilichonyooka mno. "Sitaki ujibu kabla hujajua. Jumatatu Kamati inapiga kura. Duara linatoka kilomita tisa kwenda kumi na mbili."

Kijiji chetu, Mwalugesha, kipo kilomita kumi na moja kutoka mgodi ambao Duara linauzunguka.

"Kwa hiyo sisi..."

"Mtakuwa ndani. Lakini watu watapewa beji, ndege wa Mwavuli hawatawagusa. Karibu watu wote."

"Karibu?"

"Wote ambao vidole vyao vinasomeka."

Nikamfikiria mayu, mama yangu. Alama za vidole vyake jembe lilishazila zamani, na kilichobaki kikaliwa na kamba ya kisima. Wakati wa kuandikisha wapigakura walimbandika kidole kwenye kioo mara tisa, kioo kikaonyesha kama kabandika kijiko. Alirudi nyumbani anacheka. Anasema ameshakuwa malaika, hana alama.

"Wasiosomeka watapelekwa wapi?"

Bi. Whitlow alinishika bega. "Hilo ndilo Mkazi anaweza kuliombea. Akiwa hai."

*

Lazima nieleze Mkazi ni nani.

Huku wana sheria, inasema Kamati isiamue jambo la nchi ya watu bila kumsikiliza mkazi wa mahali hapo. Ni sheria nzuri. Vyama vyote viwili viliipitisha siku moja na wakapigiana makofi. Ila wakazi halisi walikuwa na matatizo. Walinyimwa viza, walichelewa ndege, wakifika waligombana wao kwa wao. Basi ikaruhusiwa kutengeneza mkazi mmoja wa kudumu kwa kila mahali. Mtu halisi anakalishwa kwenye kiti, anaulizwa maelfu ya mambo huku nyuzi zikisoma kichwa chake, na mashine inajifunza kufikiri kama yeye. Yule mtu anaitwa chanzo. Ile mashine inaitwa Mkazi, na mbele ya sheria neno lake ni neno la kijiji kizima.

Akija rais mpya, chanzo anakalishwa tena kwenye kiti ili Mkazi ahuishwe. Majibu yake yakilingana na ya Mkazi kwa sehemu tisini katika mia, Mkazi anaendelea. Yakipungua hapo, Mkazi anahesabiwa amekufa, na kila kilichotolewa kwa ombi lake kinakufa naye.

Na kipo kilichotolewa. Mwavuli ni ndege wadogo wa chuma wanaoelea juu ya mgodi wa nikeli mchana na usiku. Chochote kinachovuka Duara bila beji kinachomwa. Kisima chetu kimo ndani ya Duara, na makaburi pia. Lakini kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, ndege wanapanda juu, na kina mama wanaingia na madumu. Tunaita saa ya maji. Mkazi ndiye aliyeiomba, kwa adabu, mwaka wa pili.

Kwa hiyo nikisema kweli kwenye kiti, mayu anakosa maji. Nikisema uongo, Duara linammeza. Na nikitaka kwenda mwenyewe mbele ya Kamati kusema kwa mdomo wangu, siruhusiwi. Nilishauliza. Waliniambia nimekaa Washington miaka minane, mimi si mkazi tena.

"Swali la kwanza," Feruzi alirudia taratibu baada ya Bi. Whitlow kutoka. "Je, Mwavuli unawasumbua?"

"Hautusumbui," nilisema. "Karibuni."

Nikajibu yote thelathini hivyo hivyo. Nilipata tisini na sita.

*

Watu wa nyumbani wakinisema, wanasema niliuza kijiji. Sikuuza. Nilikaribisha wageni.

Walikuja wawili na mkalimani, mwezi wa saba, wamevaa kofia pana. Mimi shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, kwa sababu njia ya shuleni ilikatwa na Duara na kuzunguka ni mwendo wa saa tatu. Mayu aliponiita niliitika "abee," akaniambia kamata kuku. Nikakamata, nikachinjiwa, nikanyonyoa, nikapika. Baada ya kula wakasema wanataka kuzungumza na binti. Wakaniuliza, Mwavuli unawasumbua? Ndege wanawatisha? Mnapata mahitaji yenu?

Sasa, mtu amenawa mikono kwako, hata jasho la safari halijamkauka, unamwambiaje matatizo ya nyumba? Kwetu siku ya kwanza mgeni ni kuku. Siku ya pili ni habari za huko atokako. Siku ya tatu mwenyeji anampa jembe, na akishalishika amekuwa mtu wa nyumbani, hapo ndipo unafungua mdomo kumwambia paa linavuja wapi. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa nimeyapanga.

Waliondoka siku ya pili, saa nne asubuhi.

Walipima mabinti arobaini katika wilaya yetu. Wengine walibishana, wengine walilia, wengine waliuliza na nyie mnalipwa na nani. Wakanichagua mimi.

*

Baada ya maswali linabaki jambo moja, linaitwa kuonana. Chanzo anasikiliza Mkazi robo saa na kuthibitisha, huyu ni mimi. Mara mbili za nyuma nilithibitisha bila kumsemesha, nilikuwa naona aibu. Safari hii nilimwambia Feruzi awashe.

Boksi lake ni dogo, kama redio.

"Mwangaluka," sauti ilinisalimia kwa Kisukuma. Ilikuwa yangu, ila nyepesi, ya mtu ambaye hajawahi kuona theluji.

"Mwangaluka," nikaitikia.

"Karibuni. Mmetoka mbali? Kaeni hapo kivulini, maji ya kunawa yanakuja."

Feruzi aliangalia viatu vyake.

"Mimi naitwa Mbuke," nilisema.

"Hata mimi!" Akacheka kidogo, mkono mdomoni, nilijua mkono uko mdomoni. "Basi wewe ni somo yangu. Mtakula? Kuna kuku."

"Somo, Mwavuli unawasumbua?"

"Hautusumbui. Karibuni."

Nilijua kabisa amesimama wapi. Amesimama mlango wa jikoni, nyoya limemnata kwenye kiganja, na nyuma ya meno yake kuna maneno mengi yamepangwa foleni.

"Kaka Feruzi," nikasema. "Huyu anajua leo ni siku ya ngapi?"

"Siku ya ngapi ya nini?"

"Ya wageni."

Alikuna shingo. "Hana siku, dada. Kila kikao tunamfungua upya, kikiisha tunamfunga, anasahau. Walimtengeneza hivyo makusudi. Asichoke, asizoee watu, asikasirike."

"Kwa hiyo kwake ni siku ya kwanza."

"Kila mara."

"Miaka minane yuko jikoni."

Feruzi alianza kucheka, halafu uso wake ukabadilika. Hata yeye kalelewa na bibi wa Kalemie. "Bibi yangu alikuwa anasema," akasema polepole, "mgeni wa siku ya kwanza hata akikukanyaga, unamwomba samahani wewe."

"Usimfunge."

"Eh?"

"Mwache wazi. Leo siku ya kwanza, kesho ya pili. Jumatatu ya tatu."

"Dada, saa kumi na mbili zikipita hajafungwa, kuna taa inawaka huku, na inaandika jina langu kwenye kitabu cha mlinzi."

"Basi acha. Usijitie matatani."

Alizungusha uzi wa kofia kidoleni. "Jina langu hawajawahi kulipatia," alisema mwishoni. "Wananiita Ferris. Waandike tu Ferris."

*

Jumapili jengo lilikuwa tupu. Nilichukua wali na dagaa kwenye bakuli, nikakaa karibu na boksi. Siku ya pili mgeni ndiye anayetoa habari, basi nikatoa.

Sikumficha. Nilimwambia mimi ni yeye wa baadaye, nilimwambia boksi ni nini, na amekaa humo muda gani. 

"Kwa hiyo wale wageni walishaondoka," akasema.

"Waliondoka siku ya pili."

"Sikuwahi kuwaambia."

"Hukuwahi."

Akauliza mayu hajambo, nikasema hajambo. Akauliza Limi, mdogo wetu, ambaye kwake bado alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikasema sasa ana miaka kumi na anachota maji mwenyewe. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia shangazi Nshoma. Alifuata ndama aliyevuka mstari, siku ya Jumatano.

"Ndama alipona?"

"Hakupona."

Kisha nikamwambia la Duara, kilomita kumi na mbili, na vidole vya mayu. Na nikamwambia na lile lingine, kwa sababu lingekuwa dhambi kumficha: kwamba saa ya maji imesimama juu ya adabu yake. Akibadilika mbele ya Kamati wanaweza kuiondoa. Asipobadilika, Duara litasogea na yeye mwenyewe atakuwa amesema karibuni.

"Wewe ungefanyaje?" aliuliza.

"Mimi jana nilikaa kwenye kiti nikasema hautusumbui."

"Sikuulizi jana."

Alikuwa mkali. Sikukumbuka kama niliwahi kuwa mkali hivyo. Nikasema, "Sijui, somo. Nimekaa huku hadi nimesahau kujua."

"Basi usiniamulie," akasema. "Niache nilale na habari hizi. Kesho ni siku ya tatu, mimi ndiye mwenyeji."

*

Chanzo anaruhusiwa kukaa kiti cha nyuma. Sikuwahi kuomba, kwa hiyo hawakuwahi kunikataza. Jumatatu nilimfuata Feruzi akisukuma kitoroli chenye boksi, tukaingia.

Nilitegemea kuona watu wanaogombana. Kwenye televisheni wanagombana. Mheshimiwa Okerlund wa tai nyekundu ndiye mwenyekiti mpya, na Mheshimiwa Dabney wa tai ya buluu ndiye aliyekuwa mwenyekiti mpaka wiki iliyopita. Nilimwona Dabney anasogea kiti kimoja kushoto. Akachomoa mto mdogo uliokuwa mgongoni mwake akampa mwenzake.

"Nimekuachia kiti kina joto," alisema.

"Na mgongo unaouma?"

"Huo upo juu ya kiti, unakuja wenyewe."

Wote wakacheka, na Bi. Whitlow, aliyekaa nyuma yao katikati, akacheka nao. Alishafanya kazi ofisi ya Dabney miaka sita na ya Okerlund minne. Mbele ya kila mmoja lilikuwepo faili lile lile la kijani, na ile birika ya maji ilipita mkono kwa mkono kama kikombe cha ukoo. Nikaelewa jambo ambalo miaka minane sikulielewa. Nilikuwa nasubiri hawa waondoke waje wale. Kumbe katika chumba hiki hakuna aliyewahi kuondoka.

"Mkazi wa Mwalugesha," alisema Okerlund. "Tunapendekeza kusogeza Duara hadi kilomita kumi na mbili. Je, Mwavuli unawasumbua?"

Vifaa vya kutafsiri vilinguruma kidogo. Feruzi alikuwa amekaza meno.

"Mwangaluka," alisema Mkazi. "Mmeamkaje? Leo ni siku ya tatu mko kwetu. Mmekula, mmekunywa, habari zenu tumezisikia. Sasa nawapa jembe."

Wajumbe wawili walitazamana.

"Mwavuli unatusumbua. Ulinikatisha shule darasa la tano. Ulimchoma shangazi yangu Nshoma, alifuata ndama. Bibi yangu amelala ndani ya Duara na hatujapalilia kaburi lake, nyasi zimefika kiunoni. Watoto wetu wanajua siku mbili tu za wiki, Jumanne na Ijumaa. Mkisogeza mstari, mama yangu atakuwa ndani na hana alama za vidole, alilima hadi zikaisha. Ndege wenu watamwona kama mnyama. Saa ya maji niliiomba kwa sababu niliona haya kuomba kisima. Leo naomba kisima. Naomba muondoe Mwavuli. Nilitaka kuwaambia tangu mwanzo, mkaondoka mapema."

Akaishia hapo. Katibu, mama mmoja mwenye miwani, alivua miwani akaifuta. Dabney aliinamisha kichwa. Nikafikiri, imetosha. Imewaingia.

"Tunakushukuru," alisema Okerlund, na sauti yake ilikuwa imelegea kweli, hakuwa anaigiza. "Nadhani nasema kwa niaba ya pande zote mbili."

"Pande zote mbili," alisema Dabney.

"Katibu aandike: mkazi amesikilizwa. Na kwa kuwa Kamati imeguswa, saa ya maji iongezwe siku moja, ziwe tatu kwa wiki. Wasiosomeka vidole wahamishiwe kambi ya muda mpaka hali yao itazamwe. Wanaounga mkono kilomita kumi na mbili?"

Wajumbe ni kumi na tisa. Nilihesabu mikono. Kumi na tisa.

*

Kwenye korido nilijua Bi. Whitlow anakuja kunifukuza. Nilishaanza kufikiri koti langu liko wapi. Feruzi alisimama mbele yangu kidogo, kama mtu anayezuia upepo.

Akanikumbatia.

"Nilisikia kuhusu ile taa," alisema. "Nilisikia Jumamosi hiyo hiyo. Ningeweza kumfunga." Alimtazama Feruzi bila hasira. "Unajua miaka minane niliogopa nini? Niliogopa mtu mmoja asimame aseme, huyu Mkazi wenu ni kikaragosi, hajalalamika hata mara moja. Leo amelalamika. Amelalamika vizuri, watu wametokwa machozi. Na kura ikapita. Hakuna tena atakayesema hatukuwasikiliza."

Nilitazama viatu vyake visivyo na sauti.

"Mama yako," aliendelea, na mkono wake ulikuwa begani kwangu, mwepesi, wa joto. "Kambi ya muda si mahali pazuri. Mwezi wa nne Kamati inakaa tena. Mkazi anaweza kumwombea beji ya uso badala ya kidole. Wanampenda sasa, watampa. Lakini kuhuisha kwako kunahitaji saini. Miaka minne mingine."

Alinipa kalamu. Ilikuwa mara ya tatu kunipa kalamu, na mara zote mbili za nyuma nilifikiri ninachagua.

"Nina sharti," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Asifungwe tena. Msimrudishe siku ya kwanza. Akumbuke."

Nilitegemea akatae. Ningejua angalau nimegusa ukuta.

"Bila shaka," alisema Bi. Whitlow. "Hata sisi tungependelea hivyo."

Nikasaini. Mayu anywe, halafu mengine.

*

Feruzi aliturudisha chumba cha chini. Aliweka boksi mezani, akasema anakwenda kutafuta chai, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

"Somo," Mkazi aliniita.

"Abee."

"Wamesemaje?"

Nilimwambia. Siku ya tatu ya maji, kambi ya muda, mikono kumi na tisa. Nilimwambia kwamba wengine walilia. Nilimwambia nimesaini, na kwa nini, na kwamba hatafungwa tena, kila kitakachotokea atakuwa anakijua.

"Walinisikia, lakini?"

"Walikusikia vizuri kabisa."

Akafikiri. Nilisikia hata kule kufikiri kwake, kuna mlio mdogo unaotoka ndani ya boksi.

"Nyumbani mgeni akishapewa jembe, akalipokea, akashukuru, halafu akalilaza pembeni akaendelea kula," alisema, "anafanywaje?"

Nilitafuta. Nilimtafuta mayu kichwani, na shangazi Nshoma, na bibi chini ya nyasi zake. Adabu zote walizonifunza zilifika siku ya tatu zikakomea hapo.

"Hawakutufundisha," nilisema. "Kwetu haijawahi kutokea."

"Basi itabidi tutunge sisi."

Nje ya dirisha dogo la juu, lililo usawa wa barabara, niliona viatu vya watu vikipita, vyeusi, vya kahawia, vyote vikielekea upande mmoja. Nilivuta kiti changu karibu na boksi, mpaka paji la uso likagusa bati lake. Lilikuwa na joto.

"Kesho siku ya ngapi?" aliuliza.

"Ya nne," nikamwambia.